Fundi Tabu na chaki iliyomo ndani ya damu ya mama

Saa kumi na mbili asubuhi, kibaraza cha Tabu Abeid mtaani Magomeni, Mtwara mjini, kimekwisha kufagiliwa, na chaki yake imeshashika njia juu ya kitambaa cha bluu. Ni Desemba. Pesa za korosho zimeingia mifukoni, shule zitafunguliwa Januari, na kila mzazi anataka sketi ya marinda ya binti yake itangulie ya jirani.

Tabu anapima, anachora, anakunja. Pini kazibana midomoni. Hasemi na mtu.

"Kitendawili!"

Sauti inatoka kwenye mkeka, nyuma ya cherehani. Ni ya mama yake mzazi, Bibi Safina Muzamil, mwenye umri wa miaka sabini na tisa, aliyenyoosha miguu kulielekea jua.

Tabu anazitema pini kiganjani. "Tega!"

"Tumbo lake moto, kila apitapo waliokunjana wananyooka."

"Pasi ya mkaa."

"Aka! Nani kakwambia?"

"Si wewe mama? Jana."

"Jana mimi sikuwepo," anajibu Bibi Safina, na mama muuza samaki anayekatiza mbele ya kibaraza anacheka mpaka beseni linamtikisika kichwani.

Tabu naye anacheka. Kisha anarudisha pini midomoni na kuinamia kitambaa, maana kicheko kama hicho, anasema, ndicho kilichomchelewesha miaka miwili mizima kutambua kwamba mama yake ni mgonjwa.

Ugonjwa wenyewe unaitwa Alzheimer. Unaingia kichwani taratibu, hauna homa wala kikohozi, unachukua kimoja leo na kingine mwezi ujao, kama panya wa ghalani. Na tangu alipojua jina lake, fundi huyu mwenye miaka hamsini na mmoja ana swali moja tu ambalo halimtoki: je, na yeye umeshamwingia mwilini?

Swali hilo ndilo lililomfanya anyooshe mkono atolewe damu.

Uzi mmoja, kitendawili kimoja

Bibi Safina ni mtu wa Mikindani. Ujana wake wote alishona kofia za mkono, zile zenye vitobo vidogo vinavyohitaji macho na subira. Macho yalipoanza kuchoka, alitafuta macho ya watoto wa mtaa.

"Ukimtungia uzi kwenye sindano, anakulipa kitendawili," anakumbuka Tabu. "Tulipanga foleni mlangoni kama watu wa maji. Watoto wa nyumba nyingine walikuja kututungia nyuzi kwetu, kwao hawashiki hata ufagio."

Atakayeshindwa kutegua, lazima alipe mji. Mchezo huo kila aliyekulia Pwani anaujua: mtegaji anasema "nipe mji", mshindwa anamtajia mji wowote, na mtegaji akishaupokea anasafiri kwa maneno, anakula raha zake huko, ndipo anarudi na jibu.

Bibi Safina akipewa mji hakuwa na haraka.

"Ukimpa Kilwa, anafika Kilwa kweli," anasema Tabu. "Anapokelewa, anatandikiwa jamvi, analetewa wali wa nazi na kamba, anamsifu mpishi kwa jina. Sisi tuko pale na njaa zetu, mate yanatujaa. Jibu lenyewe linakuja mwisho kabisa, hata umeshasahau uliulizwa nini."

Kwa hiyo pale mama alipoanza kubadilika, hakuna aliyeona ajabu.

Tabu anamuuliza, mama, ufunguo umeuweka wapi? Mama anajibu, "Nakupa Lindi." Nyumba nzima inacheka, wanautafuta ufunguo wenyewe. Anaulizwa leo amekula nini mchana. "Nakupa Lindi." Jirani anakuja kumjulia hali, anamuuliza kwa utani kama anamjua yeye ni nani. "Nakupa Lindi, mwanangu, umenishinda."

Majirani walikuwa wakienda kusimuliana. Yule bibi ana maneno!

Kilele kilikuwa kwenye harusi ya mjukuu wake. Mshereheshaji alimpelekea kipaza sauti, akamwomba Bibi awatajie wageni jina la bi harusi. Bibi Safina akakitazama kipaza sauti, akamtazama bi harusi, akasema, "Kitendawili!"

Ukumbi mzima ukaitikia, "Tega!" Vigelegele vikafuata. Watu wakainuka kumtunza.

"Mama alitoka pale kwa shangwe," anasema Tabu. Anaikunja sketi mapajani, anaikunjua. "Kumbe alikuwa anaomba msaada, na sisi tukampigia vigelegele."

Bibi aliyeandikishwa pamoja na wazima

Miaka miwili iliyopita, mwenyekiti wa mtaa alipita nyumba hadi nyumba akiwa na wageni wenye vitambulisho shingoni. Walikuwa watafiti. Walitaka wazee wa zaidi ya miaka sitini, wenye tatizo la kusahau na wasio nalo, na hata watoto wao wakubwa, ili walinganishe damu za pande zote mbili.

Tabu aliwakaribisha kwa moyo mweupe. Akawaambia wamwandike mama yake upande wa wazima.

"Niliwaambia huyu wangu akili yake ni wembe. Ana kusahau kwa uzee tu, nani asiyesahau? Niliona fahari. Nilijua atawatoa jasho kwa vitendawili."

Aliyetumwa kumsaili Bibi alikuwa Vania Filipo, mtaalamu wa maabara, mzaliwa wa Kilambo, kule kwenye kivuko cha Ruvuma. Bibi na babu yake Vania walivuka mto kutoka Msumbiji enzi za vita, wakalima upande huu, wakazikwa upande huu. Vania anazungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kimakonde, na Bibi Safina alimpenda palepale.

"Wewe ni mke mwenzangu," alimwambia. "Kaa hapa. Mume wetu ameondoka bila kuniachia hata ya sabuni. Wewe amekuachia?"

"Mimi ndiyo kwanza nimeolewa, Bibi, sijaona hata sahani," Vania akajibu, wakacheka wote.

Maswali yakaanza. Leo ni siku gani? Bibi akauliza kama mume ameondoka Ijumaa. Huu ni mwezi gani? Mwezi wa kiangazi. Vania akatabasamu, akaendelea.

"Bibi, hapa tulipo ni mji gani?"

"Nakupa Lindi."

Tabu, aliyekuwa amesimama mlangoni na futi kamba shingoni, akaangua kicheko. Akamwambia Vania, "Anakutania huyo, mwanangu. Usimwandikie kosa. Ameshachoka na maswali yako, anakulipa mji yaishe."

Vania hakucheka. Wala hakuandika. Akaiweka kalamu chini, akasogea mkekani.

"Haya, Bibi. Nimekwenda Lindi," akasema. "Nimefika Lindi, nimepokewa vizuri, nimekula pweza wa kuchoma, nimekunywa na maji ya dafu. Sasa nimerudi na jibu. Hapa tulipo ni Mtwara. Umelisikia jibu, Bibi?"

"Nimelisikia. Mtwara."

"Mtwara. Asante kwa Lindi yako." Vania akangoja kidogo, akamsaidia Bibi kufunga vizuri ushungi wake. Kisha akauliza polepole, "Bibi, hapa tulipo ni mji gani?"

Bibi Safina akamtazama. Akamtazama na mwanawe mlangoni, kama mtu anayetafuta mahali pa kushika asianguke.

"Nakupa Lindi," akasema.

Tabu anasema hapo ndipo futi kamba ilipomdondoka. Kitendawili kimoja hakilipwi mara mbili. Ukishalipa mji na jibu ukapewa, kimekwisha, ni chako. Hata mtoto wa chekechea analijua hilo, sembuse mama aliyewafundisha wenzake wote wa Mikindani.

"Nikasema moyoni, ina maana Lindi zote zile," anasema Tabu, "Lindi ya ufunguo, Lindi ya chakula, zote zilikuwa za kweli. Mama hakuwa anacheza. Alikuwa anashindwa, analipa, na sisi tunapokea tu miji bila kumpa jibu."

Mumiani mwenye kitambulisho

Walipelekwa kwa daktari. Bibi aliulizwa maswali mengine marefu, akapigwa picha za kichwa, na baada ya muda jibu likatoka. Bibi Safina akahamishwa kutoka upande wa wazima.

Tabu akaliacha banda lake la sokoni na kuihamishia cherehani nyumbani. Kule sokoni siku njema alirudi na shilingi elfu kumi na tano au zaidi. Hapa kibarazani akipata elfu saba anamshukuru Mungu. Lakini kule hamwoni mama, na mama siku hizi akiona mlango uko wazi anaondoka. Mara ya kwanza alikutwa kituoni akisubiri gari la Mikindani. Alisema amewaacha watoto hawajala.

Lilibaki suala la damu, na hapo akasimama kaka mtu.

Shabani Abeid, anayewauzia wavuvi barafu pale Mikindani, alikuja na baiskeli yake mchana wa jua kali, akakaa kwenye kizingiti, akakataa hata maji.

"Damu ya mama haitoki," alisema. "Wewe hujawahi kusikia habari za mumiani?"

Wenyeji wa Pwani hawahitaji kufafanuliwa. Tangu enzi za mababu, mumiani ndiye mtu anayenyonya damu za watu akaziuze isikojulikana, na watoto walitishiwa kwa jina lake walale mapema.

"Kaka, mumiani gani anakuja mchana, kavaa kitambulisho, kaongozana na mwenyekiti wa mtaa?" Tabu akamuuliza.

"Hao ndio wabaya zaidi. Wa zamani ulikuwa unamkimbia. Huyu unamtilia chai!"

Vania, aliyekuwepo siku hiyo, anasema hakuudhika. "Aliniuliza damu inakwenda wapi, anaishika nani, na itauzwa au haiuzwi. Ni maswali ya haki kabisa. Ningekuwa mimi na bibi yangu, ningeuliza hayohayo." Akamjibu moja baada ya jingine: inakwenda maabara Dar es Salaam ikiwa kwenye barafu, jina la mtu haliandikwi juu ya kichupa, haiuzwi, na yeyote anaweza kujitoa siku yoyote bila kuulizwa sababu.

"Kwenye barafu?" Shabani aliuliza. Hapo aliyeuliza alikuwa mtu wa barafu.

"Kwenye barafu."

"Barafu gani? Ya vipande au ya unga? Ya vipande inayeyuka njiani."

Wakalijadili hilo. Alipoondoka hakuwa amekubali, lakini hakuwa amekataa. Alisema, "Mimi yangu hamuipati. Ya mama, mwulizeni mwenyewe."

Wakamwuliza mwenyewe. Tabu akatoa mkono wake kwanza ili mama aone. Damu ikapanda kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, na Bibi Safina akaitazama kwa makini, kama anayechagua kitambaa dukani.

"Mke mwenza," akamwambia Vania, "ukinipunguza, utanirudishia nini?"

"Juisi ya mabungo, Bibi."

"Yenye sukari?"

"Yenye sukari."

Bibi akaukunja mkono wa gauni mwenyewe.

Kitambaa ni kilekile

Tabu ni mtu wa kuuliza. Alisoma mpaka darasa la saba, na anasema mwalimu wake wa sayansi alimpa jina la Kwanini. Siku ile ya damu hakumwachia Vania aondoke. Alimkalisha kwenye kigoda, akamletea chai, akamwuliza jambo lililokuwa linamwasha.

"Ugonjwa uko kichwani. Damu mmeitoa mkononi. Mkono unajuaje mambo ya kichwa?"

Vania akaangaza kibarazani, akaona sketi ya marinda iliyochorwa na haijashonwa.

"Mama Tabu, kitambaa hiki ukikitoa sketi au ukikitoa shati, chenyewe kinabadilika?"

"Kitambaa ni kilekile."

"Na nani anasema hapa pakunjwe, hapa paachwe wazi?"

"Mimi ndiye ninayeamua. Ila nikiamua nasahau, nina nguo za watu kumi. Chaki ndiyo inayokumbuka."

"Basi umeshaielewa kazi yetu nusu," Vania akamwambia.

Vinasaba, alieleza, ndivyo kitambaa: mtu amekirithi kwa baba na mama, na ni kilekile tangu kuzaliwa. Lakini juu ya vinasaba kuna alama ndogondogo za kikemikali, mfano wa chaki ya fundi. Alama hizo ndizo zinazoiambia chembe hai ya mwili: hapa fungua usome, hapa kunja uache. Kilichokunjwa hakijakatwa. Kimo ndani ya rinda, ila hakionekani. Elimu ya alama hizo wataalamu wanaiita epijenetiki.

"Umri unapita na chaki yake," Vania alisema. "Moshi unapita na yake, maradhi nayo, na dhiki, na hata namna ulivyokula. Kwa hiyo mtoto anaweza kurithi kitambaa cha mama yake lakini kisikunjwe kama cha mama."

Watafiti wa nchi mbalimbali, wanapolinganisha chembe nyeupe za damu za watu wenye Alzheimer na za wasio nayo, wameona baadhi ya alama zimekaa tofauti. Ndiyo maana wanazifuata hadi Magomeni. Ubongo wa mtu aliye hai huwezi kuufungua uchungulie. Damu unaweza kuiomba, na mwenyewe akakunja mkono wa gauni.

"Lakini hujanijibu," Tabu akasema. "Mkono umejuaje?"

"Chembe nyeupe ni askari wa mwili. Huenda wamesikia vita vya huko kichwani wakabadilika. Huenda na wao wamo katika vita vyenyewe. Hatujui bado kama alama zinatangulia ugonjwa au zinaufuata nyuma."

"Yaani hamjui kama chaki ndiyo iliyoharibu sketi, au sketi iliharibika kwanza chaki ikapiga mstari baadaye."

"Hatujui, mama."

Tabu akachukua kitambara chenye maji, akaifuta alama moja ya chaki mbele ya macho ya mgeni. Kitambaa kikabaki safi. "Yangu inafutika. Hiyo ya kwenu je?"

Vania anasema swali hilo huulizwa hata kwenye mikutano mikubwa. Akamjibu kwamba baadhi ya alama hubadilika, ndiyo, lakini kuifuta moja kwa makusudi bila kuharibu sketi nzima, huko hawajafika, na yeyote atakayemuuzia dawa ya namna hiyo leo anamwibia.

Chai ikapoa. Mama yake alikuwa amesinzia mkekani na bilauri ya mabungo mkononi.

"Basi niambie yangu," Tabu akasema. "Alama zangu zimekaaje? Nimekaa kama mama?"

Vania akatikisa kichwa. Utafiti ule, alimweleza, haumpimi mtu mmoja akaambiwa yake. Unaangalia kundi dhidi ya kundi, watu wengi kwa pamoja, na hakuna kipimo ambacho yeye angeweza kukishika pale kibarazani na kumwambia Tabu utaugua au hutaugua. Kuwa mtoto wa mgonjwa si hukumu. Wengi wenye wazazi wagonjwa hawaugui kamwe. Nikikupa jibu leo, akasema, nitakuwa nakudanganya.

"Kwa hiyo umeshindwa."

"Nimeshindwa, mama."

"Basi nipe mji."

Vania anasema alicheka, halafu akaona mwenzake hacheki. Akafikiri. Masasi? Newala? Akaona kwa swali zito kama lile haifai kutoa mji wa watu wengine.

"Nakupa Kilambo," akasema. "Kwetu."

Jibu nadaiwa mimi

Ilipita karibu miezi mitano. Tabu akawa anajichunguza. Akisahau kibakuli cha vifungo alikokiweka, moyo unampasuka. Akiitwa na mteja na jina la mteja likachelewa kuja, anakaa chini. Siku moja alishona zipu upande usio wake, kosa ambalo fundi yeyote hulifanya akichoka, akalia nusu saa juu ya cherehani.

"Nilikuwa nimeshaanza kuumwa ugonjwa ambao sijapewa," anasema, na sasa anaweza kulicheka hilo.

Kilichomtoa huko ni Kilambo.

Alikuwa anapiga pindo, anasema, akawa anaufikiria ule mji aliolipwa. Mji anao, jibu hana. Ndipo akakumbuka kanuni: anayepewa mji siye anayesubiri jibu. Ndiye anayelitoa.

"Mimi ndiye niliyetega, Vania akashindwa, akanilipa," anaeleza, na mkono wake umesimamisha gurudumu la cherehani. "Kwa hiyo jibu nadaiwa mimi. Nami sina la kusema kwa mdomo. Liko humu." Anauonyesha mkono wake wa kushoto, pale sindano ilipoingia. "Vania aliniambia watarudi baada ya miaka miwili kutoa tena damu za watu walewale, waone chaki zimehama au hazikuhama. Basi nikasema, nitawapa. Na wakirudi tena, tena. Mama hakuwahi kula mji wa mtu akaondoka bila jibu, hata afike nalo kachelewa."

Vania anathibitisha kuwa hivyo ndivyo utafiti unavyokwenda: damu ya mtu ambaye leo haumwi, ikifuatwa mwaka hadi mwaka, ina thamani kuliko damu ya mara moja ya watu wengi. Wapo wanaojitoa, na ni haki yao. Tabu, anasema, ndiye anayempigia simu yeye kuuliza watarudi lini.

Watarudi Februari.

Na Tabu hatakuwa peke yake. Ijumaa moja baada ya sala, Shabani alikuja tena na baiskeli yake. Akakaa kizingitini, safari hii akapokea maji. Akauliza habari za sare, akauliza bei ya vifungo, akasifu hata kivuli cha ukuta.

"Kaka, sema lililokuleta."

"Yule binti wa damu," akasema Shabani. "Anarudi lini?"

"Si ulisema mumiani?"

"Mumiani ni mumiani. Mimi juzi nimekwenda feri kwa baiskeli, nikarudi nyumbani kwa miguu. Nimefika, mke wangu ananiuliza baiskeli iko wapi." Akayanywa maji yote. "Nilitaka kumwambia nampa Lindi."

Ndugu hao wawili walicheka, anasema Tabu, mpaka mama yao akaamka na kuuliza nani kaoa.

Mipango mingine ya Tabu ni ya kawaida. Anadunduliza apate mashine ya kumalizia pindo, ili asiwe anapeleka kazi kwa mwenzake mtaa wa pili na kumwacha mama na jirani. Anataka kuezeka kibaraza kwa bati jipya kabla ya masika. Na ameacha kabisa desturi ya kumwuliza mama yake maswali. Hamuulizi mimi ni nani, hamuulizi leo ni lini. Wageni wakianza, anawakatiza. Badala yake anamwambia: mama, mimi Tabu, leo Jumatatu, hapa Mtwara, umeshakunywa uji.

"Namlipa majibu yake yote ya nyuma," anasema.

Jua limeshapanda. Sketi za marinda zimening'inia kwenye kamba, chaki zimepigwa pasi zikatoweka, na mikunjo imebaki palepale ilipoambiwa. Bibi Safina amesogezwa kivulini.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Mgeni kakaa kitini, mwenye nyumba yuko nje anabisha hodi."

Tabu anaacha kushona. Hiki si cha zamani. Mama alianza kukitega siku ileile ya kutolewa damu, na hajapatikana mtu wa kukitegua, si mtaani, si Mikindani. Vania naye amekichukua akaenda nacho.

"Kaa aliyeingia kwenye ganda la konokono."

"Siye."

"Usingizi."

"Siwo. Nipe mji."

Tabu amekwisha kumpa Kilwa kwa kitendawili hiki. Amempa Lindi, Masasi, Newala na Tandahimba. Kote huko mama alifika akakaa kimya, kama msafiri asiye na mwenyeji. Leo anauvuta mkeka, anaketi karibu naye, na kumpa mji aliokuwa ameuweka akiba.

"Nakupa Mikindani."

Uso wa Bibi Safina unakunjuka.

"Nimekwenda Mikindani," anasema. "Nimefika asubuhi. Nimepita kwa Bi Mwanaisha, ananiita, Safina, mbona mbio? Namwambia mama ananingoja. Nimeingia uani, mama kakaa anapika mkate wa kumimina, ananiambia nawa mikono. Nimenawa. Kuna mtungi pale mlangoni, maji yake baridi. Kuna watoto wamejaa, kila mmoja na sindano yake, wananingoja niwatege."

Anawataja watoto hao mmoja mmoja. Wengine Tabu anawajua, ni wazee sasa. Wengine wamekwisha kufa. Katikati ya majina hayo limo na la Shabani. Na linalofuata ni Tabu.

Kisha Bibi Safina anaweka mikono juu ya mapaja.

"Haya mama," Tabu anasema taratibu. "Jibu lake nini?"

Bibi Safina anamtazama kwa mshangao, kama mtu aliyefukuzwa mezani kabla ya kula.

"Ngoja kwanza, mwanangu," anasema. "Ndiyo kwanza nimefika."